Fundi, giaboksi yangu inanipiga teke

Maswali ya wasomaji kuhusu magari

SWALI

Shikamoo fundi. Miezi mitatu iliyopita nilinunua SUV iliyotumika, ya mwaka 2009, giaboksi ya otomatiki ya gia sita, kilomita 168,000 kwenye dashibodi. Siku ya kulijaribu lilikwenda laini kabisa. Sasa asubuhi nikiweka R, gia ya kurudi nyuma, linagonga "du!" mpaka mtoto aliyelala kiti cha nyuma anashtuka. Likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, resi zinapanda kwanza, halafu gia inaingia kwa nguvu kama nimegongwa nyuma. Nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, barabara imenyooka, linatetemeka kama linapita juu ya rasta, na rasta hakuna. Tena nikisimama, matairi yakishatulia, kinasikika kishindo kingine chini ya sakafu. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Aliyeniuzia aliapa kwamba oili ya giaboksi hii haibadilishwi maisha. Fundi wa kwanza kasema giaboksi imekwisha, nitafute nyingine. Wa pili kasema nimwage oili tu, mengine yatajipa. Nimsikilize nani?

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwa sasa usimpe hela yeyote kati yao. Umeandika matatizo manne kwenye barua moja, na kila fundi kayasikia kama tatizo moja. Mimi nikisoma naona magonjwa matatu au manne yaliyokutana kwenye gari moja, na mawili huenda hayamo kabisa ndani ya giaboksi.

Nina sababu ya kusema hivyo. Nilipokuwa na miaka mitatu tu kwenye kazi hii, nililetewa gari linalogonga likiingizwa R. Nikaihukumu giaboksi. Siku mbili niko chini ya gari, nikaishusha, tukapandisha nyingine, nikawasha, nikaweka R: du! Kishindo kilekile. Kumbe ni mauntingi ya nyuma, ile pedi inayobeba giaboksi, mpira umechanika katikati, kitu ambacho ningekiona kwa tochi bila kulegeza hata boliti moja. Mwenye gari aliniuliza kwa upole, "Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa nzima?" Nikamjibu ndiyo. Miaka zaidi ya 20 imepita, na mpaka leo sishiki spana kabla sijajua gari linagonga lini.

Hilo "lini" ndilo ninalotaka ulitafute. Weka daftari ndani ya gari kwa wiki moja. Kila likishtuka, andika: oili ilikuwa baridi au moto, ilikuwa gia gani, mwendo gani, umekanyaga mafuta kidogo au kwa nguvu, uko kwenye mlima au tambarare. Asiyekuwa dereva ndiye aandike. Daftari hilo litakufaa kuliko maneno ya mafundi watano, na mimi nikiwamo.

Tuanze na R ya asubuhi. Injini baridi huzunguka kwa kasi, hata mizunguko 1,200 au 1,500 kwa dakika, ili ipate moto upesi. Ukiingiza gia wakati huo, hata giaboksi nzima itakupiga. Kesho washa, subiri mshale ushuke chini ya 900 hivi, ndipo uweke R. Kishindo kikiisha, huna ugonjwa hapo, una haraka. Kikibaki, tazama mauntingi, yaani zile pedi za mpira zinazobeba injini na giaboksi. Weka gari tambarare, zuia matairi mbele na nyuma, hendibreki juu, boneti wazi. Mwenzako akanyage breki kwa mguu wote na ahamishe taratibu: N (gia huru), R, N, D (ya kwenda mbele), bila kugusa mafuta. Wewe simama ubavuni. Usisimame mbele wala nyuma ya gari, hata kama unamwamini mwenzako kiasi gani. Injini itajipinda kidogo, hiyo ni kawaida. Ikinyanyuka kwa kishindo na kurudi chini, mpira umekatika. Ingia na tochi uutafute ufa; mara nyingi mpira unaonekana mzima mpaka uusukume kwa bisibisi.

Hapohapo pima muda. Toyota kwenye vitabu vyake vya ufundi huandika kwamba kutoka N kwenda D gia ishike kabla ya sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R kabla ya 1.5. Gari lako si lazima liwe Toyota, lakini kipimo hicho kinakupa picha. Likikaa kimya sekunde mbili au tatu halafu ndipo likagonga, presha ya oili inachelewa kujaa: oili imepungua, filta imeziba, au sili za ndani zimekauka. Kishindo cha papo hapo na kishindo kilichochelewa havina undugu.

Na kama unapoegesha kwenye mteremko unaweka P, ile ya kuegesha, kwanza kisha unaachia breki, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kijino kimoja kidogo ndani ya giaboksi. Ukitoa P asubuhi, kijino kinachomoka kwa kishindo. Kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia breki gari likalie hendibreki, ndipo uweke P.

Kile kishindo cha kusimama, matairi yakishatulia, mimi ningeanza na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi, kabla sijawaza giaboksi. Kwenye SUV zenye propela ndefu kwenda nyuma, kuna sehemu ambapo shafti mbili zinaingiliana kwa meno ili propela irefuke na kufupika gari linapoinama. Meno hayo yakikauka grisi yanakwama, halafu yanaachia ghafla gari linaposimama au linapoanza kuondoka. Dereva anasikia kishindo chini ya miguu na anaapa ni giaboksi. Tafuta chuchu za grisi kwenye propela, zipigwe grisi inayoruhusiwa na kitabu cha gari, na krosi, yaani viungo vya propela, zikaguliwe kwa kuzungusha shafti kwa mkono huku injini imezimwa na matairi yamezuiwa. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kama gari lako lina mfumo wa kuendesha matairi manne, hakikisha pia yote manne yana ukubwa mmoja na yamelika sawa.

Sasa ule mtetemo wa kilomita 70. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, bakuli kubwa lililojaa oili linalopokea nguvu ya injini na kuipeleka mbele kwa mkondo wa oili tu. Mkondo huo hupoteza nguvu kidogo, kwa hiyo ndani yake kuna klachi ndogo. Gari likishatulia kwenye mwendo, klachi hiyo inashika na kuifunga injini moja kwa moja na giaboksi. Oili ikichoka, au klachi hiyo ikilika, haishiki vizuri: inashika, inateleza, inashika, inateleza, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Huo ndio utetemeshaji unaoufananisha na rasta.

Jaribio lake ni jepesi. Barabara iwe nyoofu na tupu, hakuna gari nyuma yako. Mtetemo ukianza, endelea kukanyaga mafuta kama ulivyo, na kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za nyuma. Kompyuta ikiona breki imeguswa, huiachia klachi hiyo mara moja. Mtetemo ukikatika pale pale kama umezima taa, umeshampata mhusika. Ukiendelea, tafuta kwingine.

Lakini kuna mwongo anayejifanya klachi hiyo: plagi au koili iliyochoka. Klachi ikifunga, injini inabebeshwa mzigo ikiwa kwenye resi za chini, na silinda dhaifu inaanza kukosa moto wakati uleule. Tofauti yake ni hii: kukosa moto huzidi ukipanda mlima na kukanyaga kwa nguvu, wakati mtetemo wa klachi hupenda mguu mwepesi, barabara tambarare, unakuja na kuondoka. Nimeshaona watu wamebadilisha toki konveta kwa ajili ya koili moja. Inaniuma kila mara.

Kutetemeka na kupanda kwa resi kati ya gia ya pili na ya tatu vyote vinaniita kwenye oili, na hapo aliyekuuzia alikuambia jambo ambalo hata watengenezaji wenyewe hawalikubali. ZF wa Ujerumani, wanaotengeneza giaboksi za magari mengi, wanashauri oili ya giaboksi zao za otomatiki ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Yako imevuka kilomita 168,000.

Kwanza ipime. Magari mengi yenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwaka, oili ikiwa moto, gari tambarare, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda hutaka injini izimwe kwanza. Nyingi za kisasa hazina kijiti kabisa. Hizo hupimwa kwa kufungua boliti maalumu injini ikiwaka na oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi mahali kati ya nyuzi 30 na 50. Fundi anayejaza bila kupima joto anakisia. Oili ikizidi inatoa povu, na povu halina presha. Ikipungua, pampu inavuta hewa. Yote mawili yanaleta gia za kushtuka.

Kisha chukua tone moja, liweke juu ya karatasi nyeupe, liache dakika chache. Oili nyingi za giaboksi huwa nyekundu zikiwa mpya, ingawa si zote. Kuna za rangi ya kahawia hafifu na za kijani. Ikiwa imekuwa ya kahawia nzito lakini tone linatambaa kwenye karatasi likiwa safi, imezeeka tu. Ikiwa nyeusi, na katikati ya tone kunabaki vumbi jeusi, inuse. Harufu ya kitu kilichoungua ni harufu ya klachi, zile za ndani ya giaboksi zinazoshika gia, na hapo oili mpya haitafufua kilicholika. Ikiwa ya pinki kama maziwa, simama. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupoozwa na bomba linalopita ndani ya rejeta. Bomba likitoboka, maji ya rejeta huingia kwenye giaboksi na kubandua bitana za klachi kutoka kwenye chuma. Gari la namna hiyo livutwe, lisiendeshwe hata kilomita moja.

Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikishushwa, uwepo. Ndani yake kuna sumaku. Wewe mwenyewe chukua kidole uipanguse. Uji wa kijivu, laini kama unga wa penseli, ni uchakavu wa kawaida wa umri huo. Vipande vinavyong'aa, vyenye ncha, unavyoweza kuvihesabu, hivyo vimetoka kwenye beringi au meno ya gia. Usikubali kuletewa sampu iliyokwisha kuoshwa, maana ushahidi wote umeoshwa nayo.

Oili ya kurudishia iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kijiti chenyewe. Toyota WS si sawa na T-IV, ingawa zote zimetoka kwa mtengenezaji mmoja. Na gari lenye CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, likiwekewa oili ya giaboksi ya kawaida huharibika. Mtu akikuambia "hii inaingia kwenye zote," mwombe aandike hivyo kwenye risiti.

Kuhusu kusukuma oili yote kwa mashine, msimamo wangu unajulikana kwa wanaonisoma: giaboksi iliyokaa kilomita 168,000 bila kuguswa, mimi siipitishii mashine. Namwaga na kujaza, nabadilisha filta, naacha gari litembee, narudia. Ukimwaga kupitia boliti ya chini hutoi yote, kwa sababu nyingi imebaki ndani ya toki konveta. Tuseme kila mara inatoka asilimia 40. Ukirudia mara tatu, oili ya zamani iliyobaki ni kama asilimia 22 tu. Mabadiliko yanakuja taratibu, na likitokea jambo baya katikati ya safari hiyo utaliona mapema.

Kabla ya kumwaga, hata hivyo, pima kompyuta. Taa kutowaka si ushahidi kwamba hakuna kilichoandikwa. Kuna misimbo, yaani namba za makosa, inayokaa ikisubiri kosa lijirudie ndipo iwashe taa. P0700 ni kengele tu inayosema kompyuta ya giaboksi ina neno, kwa hiyo fundi aingie mpaka kwenye kompyuta hiyo. P0741 inahusu ile klachi ya toki konveta. P0730 inasema kasi inayoingia na inayotoka hazilingani na gia iliyochaguliwa, yaani kuna kinachoteleza. P0300 mpaka P0308 ni injini kukosa moto. Asikusomee misimbo na kuifuta; akupigie picha kwanza. Atazame pia volti injini ikiwaka, na sensa ya kupima hewa inayoingia kwenye injini. Sensa hiyo ikichafuka, kompyuta inadhani injini haina nguvu na inachagua presha isiyofaa ya kubadilisha gia. Kuisafisha ni kazi ya dakika chache.

Fanya hayo uniandikie tena. Kama R ikikataa kabisa kushika, au gari likinguruma bila kusogea, usisubiri jibu langu. Liegeshe.

BARUA YA PILI, wiki saba baadaye

Fundi, nimefuata. Mauntingi ya giaboksi ilikuwa imekatika vipande viwili. Imebadilishwa na R imetulia. Propela ilikuwa kavu kabisa, imepigwa grisi na kishindo cha kusimama kimekwisha. Ule mtetemo ulikatika nilipogusa breki, kama ulivyosema, na P0741 ilikuwapo ikisubiri. Oili ilitoka ya kahawia nzito, haikunuka kuungua, na sumaku ilikuwa na uji wa kijivu, nimekutumia picha. Tumemwaga mara tatu, kila baada ya kilomita 500, filta mpya. Mtetemo umeondoka. Imebaki gia ya pili kwenda ya tatu: ikiwa baridi iko laini, lakini baada ya nusu saa ya foleni resi zinapanda tena kabla haijashika. Nimekosea wapi?

JIBU

Hujakosea popote, na nimefurahi sana kuona ile picha ya sumaku. Uji ule ni wa giaboksi yenye umri, si ya kutupwa.

Kompyuta ya giaboksi hujifunza. Miaka yote klachi zilipokuwa zinalika na oili inazeeka, ilikuwa inaongeza na kupunguza presha ili kufidia, na imehifadhi hesabu hizo. Sasa umeipa oili mpya, lakini inaendesha kwa hesabu za zamani. Mwombe mwenye mashine afute yale iliyojifunza, si misimbo peke yake, kisha ulifundishe upya: oili iwe moto, ondoka kwa mguu mwepesi, acha lipande gia moja moja mpaka ya mwisho, achia mafuta, lishuke mpaka lisimame. Rudia mara nyingi. Siku mbili tatu za kwanza linaweza kuwa baya kidogo kuliko sasa, usikate tamaa.

Likibaki vilevile, neno lako "baada ya nusu saa" ndilo la kushika. Oili ikipata moto huwa nyepesi na hupenya kila palipolegea: kwenye njia ya valvu iliyopanuka, kwenye solenoidi (valvu ya umeme inayoongoza oili) iliyochoka, kwenye sili ya ile klachi ya gia ya tatu. Kwenye giaboksi nyingi solenoidi hubadilishwa kwa kushusha sampu tu, bila kuitoa giaboksi kwenye gari. Kwa hiyo asianze mtu kwa kuishusha.

Wakati unasubiri, ikifika wakati wa kuingia gia ya tatu punguza mguu kwenye mafuta, na usivute gari lingine wala tela. Kila resi zinapopanda pale, klachi ile inajisaga.

Fundi afunge geji ya presha kwenye tundu lake la kupimia na akuandikie namba mbili: presha oili ikiwa baridi, na presha baada ya ile nusu saa ya foleni, kwenye gia ileile na resi zilezile, pamoja na kipimo cha mtengenezaji kando yake. Presha ikianguka oili ikiwa moto, tutatafuta kwenye valvu, solenoidi na sili. Ikibaki imara na bado inateleza, basi klachi zenyewe zimelika, na hapo nitakuambia bila kusita ifunguliwe. Nitumie namba hizo mbili.